Gasketi ya menifodi imeungua tena: tusianze na muuza spea

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina pikapu, Hilux yenye injini ya dizeli ya 5L. Inanibebea machungwa na viungo kutoka vijiji vya njia ya Amani hadi Muheza, na mara mbili kwa wiki inashuka Tanga mjini. Miezi minne iliyopita ilianza kulia tik tik tik kila asubuhi. Fundi akabadilisha gasketi ya menifodi ya eksozi, kile chuma kinachokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye bomba, nikalipa, kelele ikaisha. Sasa imerudi, na dereva analalamika kuwa moshi unaingia ndani na kichwa kinamuuma akipanda mlima. Fundi yule yule anasema gasketi ilikuwa feki, ninunue nyingine, na safari hii ataipaka silikoni ya kutosha. Ni kweli niliuziwa feki? Silikoni itasaidia?
Mama wa machungwa, Muheza

JIBU: Salama mama, na pole kwa kutakiwa kulipa mara mbili.

Gasketi feki zipo, sikatai. Zipo za bati jepesi, ukiikunja kwa vidole inabaki imekunjika. Lakini ya namna hiyo, ikipandishwa Amani na shehena mgongoni, kwa uzoefu wangu haifiki mwezi. Yako imekula miezi minne. Gasketi ikiishi muda huo kisha ikaungua pale pale, mimi naacha kuitazama gasketi. Natazama menifodi yenyewe, stadi zinazoishika (vile vijiti vya uzi vinavyokazwa nati), na bomba linaloning'inia chini yake. Gasketi ni kipande cha kuziba nyuso mbili zilizonyooka. Nyuso zikiwa hazijanyooka, hata ile ya bei kubwa itakwenda njia hiyo hiyo.

Sababu yake ni hii. Chuma kikipata moto hurefuka. Menifodi ya urefu wa nusu mita, ikitoka kwenye baridi ya asubuhi ikapanda nyuzi 400, huongezeka urefu kama milimita 2. Kwa kitu kilichobanwa nati kila upande, hizo ni nyingi. Silinda hedi, sehemu ya juu ya injini menifodi inapofungwa, nayo hurefuka, ila kidogo, kwa kuwa ina maji yanayoipoza. Kwa hiyo kila safari vitu hivi viwili vinavutana: kimoja kinataka kwenda, kingine kimekaa. Katikati hapaumii sana. Mvutano wote unaishia kwenye ncha, na ndiyo maana stadi zinazokatika mara nyingi ni za mwanzo na za mwisho. Fanya hivyo kwa miaka ishirini na menifodi inapinda, kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Fundi akiweka gasketi mpya hapo na kukaza kwa nguvu, pengo linazibika kwa muda, kelele inaisha, unalipa, unakwenda zako. Moto unaendelea kulitafuta lile pengo.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza fundi wako ni: ile gasketi ya zamani iko wapi? Safari hii akiitoa, aishike mkononi akuoneshe. Kama imeungua tundu la silinda ya kwanza au ya nne, na penye tundu hilo stadi imelegea au haipo kabisa, jibu umeshalipata bila kwenda dukani.

Lakini kabla ya kufungua chochote, tuwe na hakika kwamba ni menifodi. Kuvuja kwa eksozi kuna tabia yake. Injini ikiwa baridi sauti ni kali, ikishapata moto inapungua au inapotea kwa kuwa chuma kimetanuka kikaziba upenyo, kisha gari likibanwa na mlima inarudi. Tapeti, kipande kinachosukuma vali za injini, nayo hulia tik tik, ila haifuati mzigo namna hiyo. Utaisikia hata gari likiwa limesimama na injini imeshapata moto. Kuna mwingine anayesahauliwa sana kwenye dizeli, nao ni washa ya nozeli, yaani pete inayoziba pale nozeli ya kupulizia dizeli inapoingia kwenye injini. Ikivuja hutoa sauti ya chuf chuf, na kuizunguka nozeli utakuta weusi unaonata kama lami. Nimeshaona menifodi imefunguliwa ikafungwa mara mbili kwa kosa la washa isiyozidi ukubwa wa sarafu. (Fundi aliyefanya hivyo ile mara ya kwanza ni mimi, miaka mingi iliyopita, na mwenye gari hakunidai, Mungu amweke.)

Jaribio la uhakika ni la fundi pancha. Injini izimwe na ipoe. Mpira wa kompresa uingizwe kwenye mkia wa eksozi, pembeni pazibwe na kitambaa, hewa iachiwe kidogo kidogo. Halafu maungio yote yamwagiwe maji ya sabuni: menifodi na hedi, menifodi na bomba, na mwili wa menifodi wenyewe. Penye kuvuja patatoa povu kama tyubu yenye tundu. Kumbuka gasketi ni mbili: moja kati ya hedi na menifodi, nyingine chini pale bomba linapoungana na menifodi. Ile ya chini ni rahisi na nafuu zaidi, na mtu aliyeshaamini kuwa ni ya juu hata haitazami.

Sasa kazi yenyewe. Nati za eksozi hazifunguliwi kwa pupa. Magari ya Muheza yana nafuu. Yale yanayolala Raskazoni, yakipigwa na upepo wa chumvi usiku kucha, nati zake huwa zimeshakuwa kitu kimoja na stadi. Jioni ya kuamkia kazi zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi zirudiwe. Wakati wa kufungua, nati ikazwe kidogo kwanza, isikike imeachia kutu, ndipo irudishwe nyuma. Ikigoma, inakazwa tena na kulegezwa tena, nenda rudi, nenda rudi. Anayeweka bomba refu kwenye spana na kuvuta mara moja atabaki na kichwa cha stadi mkononi, na saa moja ya kazi itageuka siku nzima.

Stadi ikikatika, dawa ninayoipenda kuliko zote ni kuchomelea nati juu ya kipande kilichobaki. Joto la kuchomelea linaivunja kutu, na mara nyingi kipande kinatoka kwa spana ya kawaida. Betri ivuliwe kwanza, la sivyo alteneta inaweza kufa. Kutoboa kwa drili liwe jambo la mwisho, na likifanywa, nukta ipigwe katikati kabisa. Drili ikikimbilia pembeni inaharibu uzi wa hedi, na hapo unaongelea gharama nyingine.

Menifodi ikishatoka, hapa ndipo nakuomba usimame karibu. Isafishwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kama gasketi iliyotoka ni ya zamani sana isikwanguliwe kavu wala kupulizwa, kwa sababu za zamani nyingi zilikuwa na asbesto na vumbi lake linaharibu mapafu, ilowanishwe. Kisha rula ya chuma iliyonyooka ilazwe juu ya nyuso zote nne kwa mara moja, na fila (bati jembamba la kupimia upana wa pengo) ijaribiwe chini yake. Kila gari lina kikomo chake kwenye kitabu cha ufundi. Kama kitabu hakipo, mimi fila ya milimita 0.3 ikipita sifungi. Menifodi inakwenda kwa wale wanaosaga nyuso za silinda hedi, inasawazishwa, inarudi. Fundi wako alipofunga ile ya kwanza, rula hiyo ililazwa? Muulize kwa upole tu.

Itazamwe na nyufa. Wazee waliotufundisha walipaka mafuta ya taa, wakafuta pakavu, wakapaka chaki. Penye ufa mafuta hurudi juu na chaki inachora mstari. Ukionekana mstari, usikubali ichomelewe kwa vijiti vya kawaida vya kuchomelea geti. Menifodi ni chuma cha kusubu. Inataka vijiti vya nikeli, inapashwa moto kwanza na kupozwa polepole. Vinginevyo itapasuka tena kando ya weldi.

Stadi na nati zote ziwe mpya, za eksozi, si bolti za kuokota kwenye kopo. Nyuzi zipakwe grisi ya shaba, ili atakayefungua baadaye akuombee dua. Gasketi inakaa kavu. Kukaza kunaanza katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko mitatu, kila mzunguko nguvu ikiongezwa. Uzi wa milimita 8, ambao kwa magari ya Kijapani ni spana namba 12, kwa kawaida hauhitaji zaidi ya Nm 20 hadi 25 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Wa milimita 10, spana 14, ni kama 40 hadi 50. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuatwe hicho.

Na silikoni? Hata ile nyekundu ya joto kali inaishia kwenye nyuzi 300 na ushei. Moshi unaotoka kwenye dizeli inayopanda na mzigo hupita 500. Hapo silikoni ni kama ule msemo wa kwetu Tanga, waja leo waondoka leo. Itaungua, itaacha majivu katikati ya nyuso mbili, na pengo litakuwa kubwa kuliko mwanzo.

Jambo moja ambalo huenda hakuna aliyekuambia: mwambie dereva alale chini ya gari atazame raba zinazoning'iniza sailensa, na maunti za injini, yaani raba zinazoishikilia injini kwenye chasi. Raba zikikatika, bomba zima linaning'inia kwenye menifodi, na kila shimo la njia ya Amani linaivuta. Injini inayocheza kwa sababu maunti zimechoka inafanya hivyo hivyo. Nimeona gari lililobadilishwa gasketi mara tatu, ugonjwa ukiwa raba mbili za nyuma.

Injini haitakufa kwa kuvuja huku. 5L haina tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) wala sensa ya hewa kwenye eksozi, kwa hiyo hata nguvu haitapungua sana. Ninayemhofia ni dereva. Moshi una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Dizeli inatoa kidogo kuliko petroli, lakini kichwa kuuma mlimani ni dalili ambayo sitaki umwambie anywe panadoli. Mpaka kazi ifanyike aendeshe na vioo wazi, na asilale ndani injini ikiwa inawaka.

Kazi ikiisha, gari liende safari moja, lilale, na asubuhi injini ikiwa baridi nati zipimwe tena. Baada ya wiki dereva apitishe tochi kwenye maungio kutafuta masizi meusi. Na ile gasketi ya miezi minne iliyopita, usiende nayo dukani kudai pesa mpaka menifodi iwe imepimwa kwa rula.