Meiosisi: achana kwanza na majina, hesabu kromosomu

Madogo wa fomu foo mnaonijazia meseji pepa ya bailojia ikikaribia, mkiuliza meiosisi (seli kugawanyika kutengeneza mbegu za kiume na mayai) mtaielewaje, jibu ni lilelile ninalowapa wa twisheni: hayo majina ya hatua, profezi sijui anafezi, weka pembeni kwanza, chukua biki mbili, bluu na nyekundu.

Chora kromosomu (uzi wa DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli) moja ya bluu (ya baba) na mwenzake nyekundu (ya mama), urefu uleule. Kila moja ijinakili iwe nyuzi mbili zilizoshikana katikati. Kunakili kumeisha hapo, hamna tena mpaka mwisho, na hapa ndo watu wanamwaga maksi, maana seli inagawanyika mara mbili ila DNA inanakiliwa mara moja tu. Sasa futa ncha ya uzi mmoja wa bluu uichore kwa nyekundu, na ncha ya nyekundu uichore kwa bluu, si unaona wamebadilishana vipande, hiyo ni sababu mojawapo we na mdogo wako baba mmoja mama mmoja lakini kila mtu na sura yake. Mgawanyiko wa kwanza bluu inaenda huku nyekundu kule, kila moja na nyuzi zake zote mbili. Wa pili ndo nyuzi zinaachana. Zinabaki seli nne, na kwa binadamu zile kromosomu 46 zimekuwa 23 kwa kila seli.

Ila ukija kwenye yai mambo yanabadilika. Korodani inatoa mbegu nne kwa seli moja, ovari inatoa yai moja, saitoplazimu (ute wa ndani ya seli) karibu yote inaenda kwake na vile vijiseli vingine vinakufa. Tena kazi yenyewe ilianza msichana akiwa bado tumboni mwa mama yake, ikasimama katikati ya mgawanyiko wa kwanza, inaendelea miaka mingi baadaye yai likikaribia kutoka, na wa pili haumaliziki mpaka mbegu ya kiume iingie!

Ukiombwa mfano wa meiosisi kukwama andika ndizi za kupika za Bukoba. Zina seti tatu za kromosomu, jumla 33, na tatu huwezi kuzipanga mbilimbili, hiyo ni sababu mojawapo huoni mbegu ndani na mgomba tunapanda kwa chipukizi. Nyumbu naye (mtoto wa punda na farasi, sio wale wa Serengeti) ana 63, huyo mchore mwenyewe, ila tafuta karatasi kubwa.