Ule Mgahawa wa Kithai Niliousifia: Nimerudi, Nimekula, Nina la Kusema

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe wa msomaji wangu mmoja. Hata salamu hakutoa. "Dada, ule mgahawa wa Kithai uliotusifia umeniaibisha mbele ya mama mkwe." Akamwaga yote: supu ilimtoa mama wa watu machozi, akatafuna kitu kigumu kama kuni, tambi zikaja zimegandana, sahani zote zikaletwa kwa mkupuo, na hata vijiti vya kulia hawakupewa. Akamalizia: "Siku nyingine usisifie usichokijua."

Usichokijua! Mimi niliyekula chakula cha Kithai miaka minane, ninayeweza kufumba macho nikatofautisha rihani yao tamu na ile kali wanayoiita kaphrao kwa kunusa tu! Nilimjibu kwa adabu, nikazima simu, usingizi ukagoma. Jumamosi nikamchukua wifi yangu na rafiki yake, tukaenda. Nisiwadanganye: nilikwenda kuthibitisha kwamba aliyekosea ni yeye.

Supu ikaniunga mkono. Tom yum kung, supu ya kamba ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2024, ilikuja inafuka moshi, uchachu wa ndimu umetangulia, mchaichai unafuata, pilipili inapanda polepole nyuma ya koo. Nikamtazama wifi kama vile nimeipika mimi. Ndipo rafiki yake akauma kipande cha khulinjani, ule mzizi mgumu wa jamii ya tangawizi. Uso ukamkunjika, akakitema kwenye kitambaa cha karatasi, akauliza kama ni gome la mti.

Nikacheka, halafu kicheko kikanikwama. Mchaichai, khulinjani na majani ya mndimu kwenye supu ile ni vya kutoa harufu tu. Havitafunwi, unavisukuma pembeni au unaviacha chini ya bakuli. Najua hivyo tangu zamani. Lakini katika sifa zangu zote nilizoandika, sikuwahi kulisema. Niliona aibu kueleza jambo dogo hivyo, nikadhani kila mtu analijua. Mama mkwe wa watu akatafuna.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshajichongea kwingine. Mhudumu alipouliza pilipili iwe kiasi gani, nikamjibu kwa sauti ya wifi kusikia: "Kama mnavyokula wenyewe." Ikaja som tam, papai bichi lililochanwa nyuzi nyembamba na kutwangwa kwenye kinu pamoja na ndimu, sukari, mchuzi wa samaki na vile vipilipili ambavyo wenyewe huviita phrik khi nu, yaani pilipili mavi ya panya, kwa udogo wake. Tonge la kwanza nilivumilia. La pili, masikio yakaanza kulia kama kengele. Nikanywa maji, na maji hayasaidii, kwa sababu ule mwasho hauyeyuki ndani ya maji, unasambaa tu mdomoni. Wifi hakusema neno. Alisogeza bakuli la wali mbele yangu akaendelea kula. Hakuna kilichonichoma kama ule ukimya, na som tam naihesabu humo.

Ukweli nilioumeza pamoja na wali ule ni huu: miaka yangu minane nimekuwa nikila ile inayopunguzwa kwa ajili ya wageni. Ukali wenyewe sikuwahi kuuonja. Kwa hiyo ukienda, acha kujitutumua. Omba kidogo, uongeze mezani. Pilipili ikishatwangwa humo hakuna wa kuitoa.

Sasa tambi. Hapa msomaji wangu alikuwa na haki, na mimi nimeona kwa macho yangu. Pad thai, tambi zao za kukaanga, inataka kikaango chenye moto mkali na sahani chache kwa mara moja, na utamu wake unashikana na uchachu wa ukwaju na chumvi ya mchuzi wa samaki. Iliyokuja ilikuwa donge moja, tamu kama halua, ya uvuguvugu. Nikamwita mhudumu. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Ndivyo inavyokuwa." Nikaomba basi vile vikopo vinne vya mezani, pilipili ya unga, siki yenye pilipili, mchuzi wa samaki na sukari, maana tambi za Kithai kila mlaji huzirekebisha mwenyewe. Akaniletea sosi ya nyanya. Jamani, sosi ya nyanya!

Zamani ningenyamaza, ningelipa, halafu ningekwenda nyumbani kuandika aya saba za matusi. Safari hii nikaomba kwa upole kuonana na mpishi. Akatoka mama mmoja, akashika uma, akaonja palepale, akaibeba ile sahani bila kubishana. Iliyorudi ilikuwa na harufu ya moto, tambi moja moja, njugu zimevunjwa juu, ukwaju unaonekana. Jiko lilelile, usiku uleule. Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaokaa kimya mezani halafu mkang'aka mkifika kitandani: semeni mkiwa bado mmekaa! Kama huli samaki au njugu zinakudhuru, sema hata kabla ya kuagiza, kwa sababu ule mchuzi wa samaki huingia hadi kwenye sahani inayoonekana ya mboga tupu.

Kuhusu vijiti, dada, hapo ulinionea. Waliofuata desturi ni wenye mgahawa. Wathai wali huula kwa kijiko, uma ukiwa wa kusukumia tu, na vijiti hutoka zaidi kwa tambi za supu. Na sahani zote kuja kwa pamoja si utovu wa adabu, zinaletwa ziliwe na meza nzima. Kosa letu sisi lilikuwa kuagiza supu kali na som tam kali bila hata kitu kimoja cha kupoza. Mchuzi wa tui la nazi usio mkali ungetuokoa, na ulikuwepo kwenye menyu, nimeupita mwenyewe.

Yote haya nimemwandikia msomaji. Amejibu mstari mmoja: "Sawa, lakini mbona hukuyaandika mara ya kwanza?" Sijamjibu mpaka leo. Alhamisi tunarudi kulekule, na wifi ameshasema kuagiza ataagiza yeye.