Niliwekewa stenti nikiwa macho: mambo ambayo ningependa ningeambiwa mapema

Kabla ya kuwekewa stenti, yaani kijibomba kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi, kwa miezi minne nilitibiwa vidonda vya tumbo. Nilihisi kama mtu ameniwekea tofali katikati ya kifua, halafu maumivu yanapanda hadi kwenye taya. Nikanywa omeprazo, nikaacha pilipili, nikaacha hata maharage. Hakuna kilichobadilika. Kisha siku moja binti yangu akaniuliza: "Mama, hayo maumivu huja ukila au ukitembea?"

Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Yalikuwa yanakuja nikipanda kurudi nyumbani Bigwa, hapa Morogoro, na nikisimama dakika tano yanaondoka. Ndugu yangu unayesoma, jiulize swali hilohilo leo. Maumivu yanayoletwa na mwendo na kutulizwa na mapumziko yanatakiwa kuchunguzwa moyo kwanza. Sisi wanawake, hasa wenye kisukari kama mimi, huenda tusipate hata hayo maumivu ya kifua. Unachoka tu bila sababu, unasikia kichefuchefu, mgongo au taya vinauma, unasema ni uzee.

Nilipewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar es Salaam, nikapigwe picha ya mishipa ya moyo kwa mrija na, ikibidi, nizibuliwe. Nilipanda treni ya SGR na begi moja, ndani yake mfuko wa dawa zangu zote. Huo mfuko ni muhimu kuliko kanga. Kila mgonjwa wa sukari hupimwa figo kwanza, kwa sababu dawa inayoonyesha mishipa kwenye picha hutolewa mwilini kupitia figo, na mimi niliambiwa nisimamishe metformini, dawa yangu ya sukari, kwa siku mbili. Taja na mitishamba. Nilikuwa nakunywa maji ya mlonge na kitunguu saumu kila asubuhi, nikaona aibu kusema mbele ya daktari kijana. Nikasema. Hakunicheka. Akanieleza kwamba kitunguu saumu kingi kinaweza kuongeza kutoka damu, niache kwa sasa.

Halafu ikaja fomu ya ridhaa. Imeandikwa kutokwa damu, kiharusi, shambulio la moyo, kifo. Niliisoma mara mbili nikatamani kurudi Morogoro usiku uleule. Usisaini kwa sababu tu wengine wamesaini. Mwombe daktari akueleze, na uulize swali hili: mkikuta mishipa mingi imeziba, mtafanya nini? Mimi nilijibiwa kwamba huenda wakaishia kwenye picha, tukae na familia tuzungumzie upasuaji mkubwa wa kufungua kifua. Ni vizuri kulijua hilo mapema, maana ukishalala pale mezani huna utulivu wa kuamua jambo.

Chumba chenyewe cha kupitishia mrija, wanachokiita kethlabu, ni baridi kweli. Omba blanketi. Nesi akanishika bega akasema, "Mwalimu, utatusikia wote, ukiwa na neno lolote sema." Sindano ya ganzi kwenye kifundo cha mkono iliuma kidogo, kama ya damu. Baada ya hapo mrija mwembamba ulipita mkononi hadi kwenye moyo, na sikusikia kitu, kwa sababu mishipa ya damu haina hisia kwa ndani.

Nimefundisha baiolojia miaka 31. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi habari za Werner Forssmann, daktari kijana wa Kijerumani ambaye mwaka 1929 alijipitishia mrija mkononi mpaka moyoni mwake, na mwaka 1956 akapata Tuzo ya Nobel. Moyo nimeuchora ubaoni mara zisizohesabika, vyumba vinne, valvu, mishale ya damu. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe niliipa mstari mmoja tu. Sasa niliiona kwenye skrini, inacheza, ni yangu, na mmoja wa mbele umebanwa katikati kama mpira wa maji uliokanyagwa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Walipojaza puto ili kuupanua mshipa, lile tofali lilirudi kifuani, zima. Nilidhani nakufa. Puto linapojaa, damu husimama kwa sekunde chache, ndiyo maana. Sema unapoumwa, usijikaze kimya. Puto likashushwa, maumivu yakaisha, stenti ikabaki: kijibomba cha wavu wa chuma, upana milimita 3, urefu 28. Yote hayo hayakufika saa moja.

Kisha wanakufunga bangili ya plastiki yenye hewa pale kifundoni mrija ulipoingilia, kuzuia damu, wanaipunguza hewa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Kunywa maji kadiri watakavyokuruhusu. Kwa wiki moja usibebe ndoo wala mjukuu kwa mkono ule.

Sasa vidonge. Unatoka ukiwa mwepesi, unapanda kilima bila kusimama, unajiona umepona, na hapo ndipo watu wanapoacha dawa. Chuma kile ni kigeni mwilini. Mpaka ngozi ya ndani ya mshipa ikue na kukifunika, damu inaweza kuganda juu yake ghafla na kuuziba mshipa kabisa. Mimi nilipangiwa dawa mbili za kuzuia damu kuganda: aspirini ya maisha na klopidogreli ya mwaka mzima. Nunua kabla hazijaisha. Zikibaki za siku kumi, mimi nipo tayari dukani.

Mwezi wa tano tangu niwekewe stenti, jino likaniuma. Kliniki moja ya meno wakasema niache vidonge vyote viwili kwa wiki, ndipo waling'oe. Nikaomba dakika moja, nikatoka nje, nikampigia daktari wangu wa moyo. Akasema nisiache hata siku moja, jino linaweza kung'olewa hivyohivyo. Nikaenda kwa daktari mwingine wa meno, nikamwonyesha kadi ya stenti, ile niliyopewa hospitali kuonyesha kuwa ninayo, kabla sijakaa kwenye kiti. Aling'oa, akashona nyuzi mbili, nikauma pamba muda mrefu kuliko kawaida. Damu ikasimama. Kadi ile sasa inakaa kwenye pochi pamoja na kitambulisho, na binti yangu ana picha yake kwenye simu.