Degedege baada ya upasuaji wa moyo

Swali: Mwanangu alipasuliwa moyo nchini India akiwa na miezi 4, na siku ya pili alishikwa na degedege. Sasa tumerudi Bukavu, naye ametimiza mwaka 1. Je, atakuwa na kifafa? Mama wa Kadutu.

Jibu: Mama, degedege la siku zile si kifafa. Mara nyingi hutokea ndani ya saa 48 za kwanza, kwa sababu ubongo ulikosa oksijeni ya kutosha, au damu iliyoganda iliziba mshipa wake, au sukari na kalsiamu zilishuka mwilini. Na lingine halionekani kwa macho hata kidogo, ila kwa kipimo cha umeme wa ubongo. Kifafa ni pale mishtuko inaporudi miezi au miaka baadaye bila chanzo cha papo hapo. Hatari hiyo kwake ni kubwa kuliko kwa watoto wengine, hasa ikiwa ubongo uliumia, lakini wengi hawafiki huko. Kama bado anakunywa dawa, usiikatishe mwenyewe. Akishikwa tena, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni (desturi hii huumiza watoto bure), na zikipita dakika 5, mkimbize hospitalini.