Baba Ana Kiharusi: Je, Apewe Antibiotiki Mapema?

SWALI: Daktari, baada ya salamu. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 68, amepata kiharusi juma hili na amelazwa hapa Mombasa, mkono wa kulia umelegea na ulimi umekuwa mzito. Jirani yetu, ambaye mumewe alifariki kwa nimonia baada ya kiharusi, ananihimiza nimnunulie baba antibiotiki kwenye duka la dawa, ilhali madaktari wa wodini wamekataa. Je, wanamnyima haki yake?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Hofu ya jirani yako ina msingi, kwani nimonia na maambukizi ya njia ya mkojo huwapata wagonjwa wengi siku za mwanzo baada ya kiharusi, wakati ambapo kinga ya mwili nayo hudhoofika. Hata hivyo, baba yako hajanyimwa kitu. Nchini Uholanzi, wagonjwa zaidi ya 2,500 waligawanywa kwa kura, nusu yao wakaongezewa antibiotiki iitwayo seftriaksoni kwa siku 4, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: maambukizi ya mkojo yalipungua, lakini nimonia haikupungua, na baada ya miezi 3 waliopewa dawa hawakuwa na nafuu kuliko wenzao.

Sehemu kubwa ya nimonia hii huanzia kooni. Koo lililolegea huachia mate na uji vipite kwenye njia ya hewa, na hakuna kidonge kinachoweza kuziba njia hiyo, kwa hiyo mimi ningekuomba ukitazame zaidi kijiko. Asionjeshwe chochote, hata lile dafu ambalo wageni huleta kwa mapenzi, kabla wahudumu hawajapima uwezo wake wa kumeza; akisharuhusiwa, mketishe wima, mlishe kidogo kidogo, na akikohoa au sauti yake ikisikika kama ya mtu mwenye maji kooni, acha papo hapo umwite muuguzi. Msafishe kinywa kila siku, hata kama bado hali kwa mdomo. Ikiwa amewekewa mpira wa mkojo, uliza kila siku kama bado unahitajika.

Akipata homa, akihema mbio au akichanganyikiwa ghafla, mwite daktari mara moja, kwani maambukizi yakithibitika antibiotiki huanzishwa bila kuchelewa. Vidonge vilivyotangulia kutoka dukani vinaweza kumharisha, kuficha dalili, na kuwazoesha vijidudu dawa ileile atakayoihitaji siku hiyo.