Mafaili tunayabadili, tunayahamisha au tunayageuza?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi, karani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Anasema: "Mwalimu shikamoo. Nina mafaili ya Excel zaidi ya mia mbili, majina ya wakulima, kilo, namba za simu, sasa yanatakiwa yote yawe CSV. Niliwaandikia wenzangu 'badilini mafaili yote kwa wingi kwenda CSV', kijana mmoja akashinda kutwa anabadili majina tu, kila palipo na .xlsx anaweka .csv, na hakuna hata moja lililofunguka vizuri. Kosa ni la Kiswahili changu au la kompyuta?"

Marahaba dada. Kijana alifanya ulichoandika. Badili tunaitumia kwa nguo, kwa gia, kwa jina, unatoa hiki unaweka kile, kwahiyo ukisema badili faili mtu ana haki ya kuuliza nibadili nini, jina, mahali au kilichomo? Jina ukilibadili, ndani bado ni Excel ileile. Faili la .xlsx ni furushi la XML, yaani maandishi yenye alama za kuipangia kompyuta data, lililobanwa kwa zip, wakati CSV ni maandishi matupu yenye mkato kati ya kolamu na kolamu.

Mimi ningeandika geuza. Watu wakisema sebule wameigeuza stoo unajua kabisa kwamba chumba ni kilekile ila matumizi na mpangilio umebadilika, na kuna vitu vilivyotolewa. Ndo hali halisi ya CSV, inabeba shiti moja tu, rangi na fomula haziendi, na ukija kuifungua tena kwa Excel kwa kubofya tu basi namba ya simu inayoanza na sifuri inabaki bila hiyo sifuri! Ndo maana hamisha siipendi hapa, inampa mtu imani kwamba mzigo utafika mzima.

Kwenda nayo iache, hata kama tunaisikia kila siku kwenye "badili shilingi kwenda dola". Kwenda ni ya safari, kutoka Moshi kwenda Arusha. Kitu kikigeuka kinakuwa, kwahiyo sema kuwa CSV, au yawe CSV, ambayo naiona tamu zaidi kwenye maelekezo.

Ila neno lililomponza zaidi kijana ni kwa wingi. Kwa wingi inataja kiasi tu, haisemi kama unafanya moja moja au yote kwa pamoja, na yeye alifanya mengi kweli, moja moja. Unalolitafuta ni kwa mkupuo, na hakuna mfanyakazi Tanzania asiyelijua, wastaafu wanagombania mafao ya mkupuo kila leo. Fundi wenu kama ana LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi inayofungua mafaili ya Excel, kwenye kompyuta ya Linux, ataandika amri hii soffice --headless --convert-to csv *.xlsx, ile nyota inachukua kila faili la .xlsx lililopo kwenye folda, huo ndo mkupuo wenyewe.

Faili ukishasema faili hili, wingi ni mafaili haya. Wanaosema faili hizi wapo wengi na siwakatazi, ila usichanganye kwenye karatasi moja.

Andika hivi: "Geuzeni mafaili yote ya Excel yaliyo kwenye folda ya Wakulima yawe CSV, kwa mkupuo. Msibadili majina kwa mkono. Ya zamani msiyafute."