Bakteria wa mwani wa ziwani: punguza lishe

Mdogo wangu wa Kigoma, nimekuelewa: umekwangua mwani kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika kutafuta antibiotiki, na kila sahani ya agari (jeli ya kukuzia bakteria) imefunikwa na bakteria wa aina moja anayekua mbio. Lishe yako ni nono mno. Suuza mwani mara tatu kwa maji ya ziwa yaliyopita otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo), usage, uzimue mara 1,000 hivi, utumie agari yenye lishe hafifu na usubiri hata wiki tatu. Vile vidoa vidogo vikavu kama unga, yaani makundi ya bakteria wanaokua polepole, ndivyo vya kuvizia. Antibiotiki ya streptomaisini, iliyogunduliwa 1943, ilitoka kwa jamaa za bakteria hao waishio udongoni.

Kuvipima dhidi ya stafilokoka, bakteria wanaoleta usaha vidondani, ni kazi ya maabara yenye msimamizi, si chumbani kwako. Na majimaji ya bakteria hao usimpake mtu kidondani hata akikusihi, maana kinachoua bakteria kinaweza kumdhuru na yeye.